Kuing'oa PostGIS kwenye hifadhidata ya vituo vya maji: uchambuzi wa kisa

Jina la shirika, mikoa linakofanyia kazi na majina ya majedwali yameondolewa au kubadilishwa.

Usuli

Shirika moja lisilo la kiserikali nchini Tanzania hufuatilia hali ya visima na vilula vijijini. Fundi anafika kwenye kituo akiwa na simu, anapiga picha ya pampu, anajaza kama maji yanatoka au la, na simu inanasa mahali alipo. Taarifa zote huishia kwenye seva moja ya PostgreSQL 11, programu ya kuendesha hifadhidata, yenye kiendelezi cha PostGIS 2.5. Juu yake kuna programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Django, mfumo wa Python wa kujengea programu za aina hiyo.

PostGIS huipa PostgreSQL aina mpya za data, yaani nukta, mistari na maeneo, pamoja na mamia ya funksheni za kuzishughulikia. Mfumo ulipojengwa, waliouanzisha walikuwa na ndoto ya kuchora mitandao ya mabomba na kukokotoa maeneo ya vyanzo vya maji. Ndoto hizo zilibaki kwenye andiko la mradi. Kilichokuwa kikitumika kweli ni mambo matatu tu: kuonyesha vituo kwenye ramani, kutafuta vituo vilivyo ndani ya kilomita kadhaa kutoka alipo fundi, na kujua kituo kiko kata gani.

Novemba 2023 PostgreSQL 11 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa. Hakuna tena masahihisho ya usalama. Shirika likaamua kuhamia toleo la 16 kwenye seva mpya inayosimamiwa na mtoa huduma mwingine, ambaye mkataba wake unahusu vifurushi vya kawaida vya PostgreSQL pekee. PostGIS huja na ukoo wake wa maktaba za programu, GEOS, PROJ na GDAL, na mtoa huduma hakutaka kubeba mzigo huo.

Ukaguzi uliogoma

Seva mpya iliwekwa matoleo yote mawili ya PostgreSQL kwa ajili ya kuhama, ikapewa nakala ya data, kisha `pg_upgrade --check`, ukaguzi wa zana ya PostgreSQL ya kuhamia toleo jipya, ikaendeshwa. Ikasimama. Faili la `loadable_libraries.txt` lilieleza kwamba maktaba ya `$libdir/postgis-2.5` haipatikani. Hilo lilitarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni kwamba hifadhidata mbili zilitajwa: ile ya vituo vya maji, na `template1`.

`template1` ni kiolezo ambacho PostgreSQL hukinakili kila mtu anapoandika `CREATE DATABASE`. Miaka iliyopita msimamizi fulani aliweka PostGIS humo ili hifadhidata mpya zizaliwe nayo. Ilikuwa njia ya mkato ya busara kwa wakati wake, lakini haikuandikwa popote. Kama kiendelezi kingeondolewa kwenye hifadhidata kuu peke yake, ukaguzi ungegoma tena siku ya kuhama, saa za usiku, watu wakiwa na haraka.

Mtu wa kwanza kwenye timu alipendekeza amri moja: `DROP EXTENSION postgis CASCADE`, inayoondoa kiendelezi pamoja na kila kinachokitegemea. Ni bahati kwamba PostgreSQL inaruhusu hata amri za kubadilisha muundo ziwe ndani ya muamala unaoweza kughairiwa kwa `ROLLBACK`, kwa hiyo walijaribu kwenye seva ya majaribio:

```
BEGIN;
DROP EXTENSION postgis CASCADE;
\d vituo
ROLLBACK;
```

Jedwali la vituo lilibaki, ila safuwima ya `geom` ilikuwa imetoweka pamoja na faharasa yake na mionekano (views) yote iliyoitegemea. Yaani amri ile ingefuta mahali pa kila kituo na kuliacha jedwali likionekana zima. `ROLLBACK` ikarudisha kila kitu, na wazo la `CASCADE` likafia hapo.

Maamuzi ya awali na sababu zake

Kabla ya chochote, timu ilijiuliza kama kuondoa ndiyo njia. Njia nyingine ilikuwepo na si ngumu: kuweka PostGIS 3 kwenye PostgreSQL 11, kuendesha `postgis_extensions_upgrade()`, kisha kuhama. Kuanzia toleo la 3 faili la maktaba linaitwa `postgis-3` bila namba ndogo, hivyo kuhama kwa baadaye huwa kwepesi zaidi. Sharti la mtoa huduma ndilo lililoamua. Kwa maoni yangu sababu ile ilikuwa dhaifu, maana mkataba unaweza kujadiliwa. Hoja yenye nguvu ilikuwa matumizi yenyewe: mahitaji matatu, yote yakiwezekana kwa namba za kawaida.

Nukta zingegeuzwa kuwa safuwima mbili za `double precision`, latitudo na longitudo. Utafutaji wa vituo vya karibu ungefanywa kwa kuchuja kwanza kisanduku cha nyuzi, kisha kupima kwa haversine, fomula ya umbali kati ya nukta mbili juu ya tufe. Mipaka ya kata ingehifadhiwa kama GeoJSON, muundo wa maandishi wa kueleza maumbo ya ramani, ndani ya safuwima ya aina ya `jsonb`, kwa sababu kazi pekee iliyobaki kwa mipaka hiyo ni kuchorwa na kivinjari. Kata ya kila kituo ingekokotolewa mara moja PostGIS ikiwa bado ipo na kuandikwa kama `kata_id`. Kituo kipya kingepewa kata na fundi mwenyewe kwenye fomu, na ofisi ingehakiki.

Kanuni moja ilikubaliwa na wote: hakuna `CASCADE` popote. Bila neno hilo, `DROP EXTENSION` hukataa iwapo kuna kitu kinachokitegemea kiendelezi, na hukitaja. Kukataa huko kuligeuzwa kuwa orodha ya kazi.

Nukta zilizosema lugha tofauti

Hapa ndipo kazi ilipochukua muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyopanga.

Safuwima ya `geom` ilikuwa imetangazwa kuwa `geometry` tu, bila kubanwa kwa aina wala mfumo wa majira. Kila nukta ndani ya PostGIS hubeba namba ya SRID inayoeleza namba zake zisomwe kwa mfumo upi, na jedwali lisilobanwa hupokea chochote. Hoja fupi ya SQL iliyopanga vituo kwa `ST_SRID(geom)` ilileta makundi matatu. Kubwa lilikuwa 4326, yaani nyuzi za WGS 84, mfumo wa GPS, zinazotoka kwenye simu. La pili lilikuwa 21037, ambayo ni Arc 1960 ukanda wa UTM 37 kusini, mfumo wa ramani za zamani za Afrika Mashariki unaohesabu kwa mita badala ya nyuzi. Vituo hivyo viliingizwa kwa mkupuo kutoka faili la mradi wa awali. La tatu lilikuwa sifuri, maana yake haijulikani.

Kundi la 21037 lilikuwa rahisi mradi PostGIS bado ipo: `ST_Transform(geom, 4326)` inafanya kazi yote. Jambo la kuangalia ni kwamba Arc 1960 na WGS 84 hupishana ardhini kwa takriban mita 300 katika eneo letu. Mtu angeandika fomula yake ya kugeuza mita kuwa nyuzi bila kujali tofauti hiyo, vituo vingeonekana viko sawa kwenye ramani ya mkoa, na fundi angefika akakuta shamba la mahindi.

Kundi la sifuri lilihitaji macho. Nukta zenye namba kati ya 29 na 41 upande mmoja, na chini ya sifuri upande wa pili, zilikuwa nyuzi zilizosahaulika kuwekewa SRID. Zenye namba za mamia ya maelfu zilikuwa mita, lakini mita za ukanda upi? Tanzania imepitiwa na kanda zaidi ya moja za UTM, na ukanda wa 36 hukutana na wa 37 kwenye nyuzi 36 mashariki. Namba ileile ya mashariki inaweza kuwa sehemu mbili tofauti nchini. Ilibidi kutumia jina la kijiji kuamua: kila nukta ikageuzwa kwa kanda zote mbili, na ile iliyoangukia ndani ya wilaya iliyoandikwa kwenye rekodi ikachukuliwa. Chache zilizogoma kabisa zilirudishwa kwa mafundi wa eneo husika.

Kugeuza kwenyewe kulikuwa hivi:

```
UPDATE vituo
SET latitudo  = ST_Y(ST_Transform(geom, 4326)),
    longitudo = ST_X(ST_Transform(geom, 4326))
WHERE ST_SRID(geom) <> 0;
```

Y ni latitudo na X ni longitudo; wengi hukosea hapo. Ukizibadilishana, Dodoma inahamia pwani ya Atlantiki karibu na Tangier, Morocco. Timu iliweka `CHECK` inayodai latitudo iwe kati ya −12 na 0, na longitudo kati ya 29 na 41. Kizuizi hicho bado kipo, na tayari kimekataa faili moja la Excel lililopangwa vibaya.

Majaribio ya umbali yalifanywa kwa kulinganisha majibu ya PostGIS na ya haversine kwa jozi zilezile za vituo. Haversine huichukulia dunia kuwa tufe kamili, kwa hiyo huweza kukosea hadi karibu asilimia 0.5, sawa na mita 15 katika kilomita tatu. Kwa fundi anayetafuta kisima cha jirani, hiyo si hoja. Ukaribu na ikweta nao ulisaidia: nyuzi moja ya longitudo hapa ni karibu sawa na ya latitudo, takriban kilomita 111, hivyo kisanduku cha kuchuja hakipotoki sana.

Kiendelezi kilichorudi chenyewe

Kwenye seva ya majaribio, safuwima za zamani zilifutwa, mionekano ikaandikwa upya, na viendelezi vikaondolewa kwa mpangilio: `postgis_tiger_geocoder` na `postgis_topology` kwanza, maana vinategemea PostGIS, kisha `postgis` yenyewe. Tiger ni ya kutafuta anwani za Marekani. Hakuna aliyejua ilifikaje kwenye hifadhidata ya visima vya Tanzania, ingawa kontena (kifurushi cha programu kilicho tayari kuendeshwa) linalotumiwa na wengi kuanzisha PostGIS huiweka bila kuuliza.

Asubuhi iliyofuata `\dx`, amri ya kuorodhesha viendelezi, ilionyesha `postgis` imerudi.

Shaka ya kwanza ilimwendea mwenzao aliyekuwa akijaribu kitu usiku. Sababu halisi ilikuwa programu yenyewe. Mpangilio wa Django ulikuwa bado unatumia injini ya `django.contrib.gis.db.backends.postgis`, na injini hiyo, kila inapoendeshwa `migrate`, amri ya Django ya kusasisha muundo wa majedwali, hutuma `CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS postgis`. Toleo jipya la programu lilikuwa limepandishwa usiku kwa ratiba ya kawaida. Amri ile ilifaulu kwa sababu kwenye seva ya majaribio programu iliunganishwa kama mtumiaji mkuu `postgres`. Kwenye seva halisi programu ina mtumiaji wake asiye na uwezo huo, kwa hiyo huko upandishaji ungekwama kwa kosa.

Kubadilisha injini hakukutosha. Mafaili ya zamani ya `migrations` yalitaja `PointField`, na kuyasoma tu kulidai GDAL iwepo. Mafaili yote yaliunganishwa kuwa moja jipya linaloeleza majedwali yalivyo sasa, na yale ya zamani yakabaki kwenye historia ya Git. Mtumiaji mkuu naye akaondolewa kwenye mipangilio ya majaribio, jambo ambalo lilipaswa kufanyika zamani.

Mabaki ambayo katalogi haiyajui

Kukataa kwa `DROP EXTENSION` hutegemea kumbukumbu za utegemezi ndani ya katalogi ya PostgreSQL, yaani majedwali yake ya ndani yanayoorodhesha vilivyomo. Safuwima, faharasa na mionekano vimo humo. Miili ya funksheni za PL/pgSQL, lugha ya kuandikia programu ndani ya PostgreSQL, haimo: kwa hifadhidata ni maandishi tu, husomwa siku funksheni inapoitwa. Funksheni yenye `ST_DWithin`, ile ya PostGIS ya kutafuta vilivyo ndani ya umbali fulani, tumboni itakaa kimya wakati kiendelezi kinaondoka, kisha itaanguka baadaye. Tangu PostgreSQL 14, funksheni za SQL zilizoandikwa kwa `BEGIN ATOMIC` hufuatiliwa, lakini mfumo huu ulikuwa wa zamani kuliko hapo.

Walizitafuta kwa mkono:

```
SELECT oid::regprocedure FROM pg_proc
WHERE prosrc ~* '\mst_'
  AND pronamespace::regnamespace::text
      IN ('public','ripoti');
```

Hoja hiyo iliendeshwa PostGIS ikiwa imeshaondoka kwenye majaribio, la sivyo ingeleta pia funksheni zake yenyewe. Zilizopatikana ziliandikwa upya.

Baki la pili lilikuwa `search_path`. Kuwekwa kwa `postgis_topology` huongeza skima (kundi la majedwali na funksheni) ya `topology` kwenye njia ya utafutaji ya hifadhidata nzima kwa `ALTER DATABASE`, na kuondolewa kwake hakurudishi hali ya awali. Skima isiyokuwepo kwenye njia hiyo haileti kosa, kwa hiyo hakuna anayegundua. Amri ya `\drds`, inayoorodhesha mipangilio ya kila hifadhidata, iliionyesha. Mmoja alitaka kumaliza kwa `RESET search_path`, mwingine akamzuia: mpangilio uleule ulibeba pia skima ya `ripoti`, ambayo programu iliitegemea. Uliandikwa upya bila `topology`, skima zilizobaki tupu zikafutwa, na mpangilio ukaachwa na yale yanayotumika.

Uthibitisho wa mwisho kabla ya kuhama ulikuwa `pg_dump --schema-only` kwa maandishi, kisha kutafuta ndani yake maneno `postgis`, `geometry`, `topology` na `st_`. Hakuna kilichopatikana. Kwenye `template1` nako kiendelezi kiliondolewa, na swali la `probin`, safuwima inayotaja faili la maktaba la kila funksheni, katika `pg_proc` likaulizwa kwenye kila hifadhidata kuhakikisha hakuna funksheni inayoelekeza kwenye maktaba ile.

Siku ya kuhama na yaliyofuata

Siku yenyewe haina mengi. Programu ilisimamishwa, bekapu kamili ikachukuliwa, hatua zilezile za majaribio zikarudiwa kwenye hifadhidata halisi, ukaguzi wa `pg_upgrade` ukapita, na mfumo ukaamka ukiwa kwenye toleo la 16. Mafundi hawakuona tofauti.

Mwisho wa robo mwaka, ripoti ya wafadhili ilianguka. Ujumbe ulisema funksheni `st_dwithin` haipo. Kwenye jedwali la violezo vya ripoti, ofisi ilikuwa imehifadhi maandishi ya SQL kama data, na funksheni moja ndogo huyachukua na kuyaendesha kwa `EXECUTE`. Mwili wa funksheni ile haukuwa na `st_` yoyote. Neno lilikuwa ndani ya rekodi ya jedwali. Marekebisho yalikuwa mafupi, lakini ripoti ilichelewa na maelezo kwa mfadhili yakahitajika.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kukataa `CASCADE`. Si kwa sababu ya usalama pekee. Kila ujumbe wa kukataliwa ulifundisha jambo kuhusu mfumo ambalo hakuna nyaraka iliyolieleza. Timu iliyotumia `CASCADE` na bekapu mkononi ingeweza kumaliza mapema, ila ingezijua tegemezi zake kupitia malalamiko ya watumiaji.

Kufanya ugeuzaji wote kabla ya kuondoa nako kulikuwa sahihi, na mpangilio huo haukuwa na mbadala. Funksheni zinazoweza kusoma data ya zamani huondoka pamoja na kiendelezi. Nukta za Arc 1960 zingebaki bila mtafsiri.

Ripoti iliyoanguka ingeweza kuzuiwa kwa njia mbili, na zote zilikuwa karibu. Utafutaji wa maneno ulifanywa kwenye muundo tu. Kama `pg_dump` ingetolewa pamoja na data na maneno yaleyale kutafutwa humo, kiolezo kingeonekana katika sekunde chache. Njia ya pili ni kuacha hifadhidata iseme yenyewe: `pg_stat_statements`, inayoweka takwimu za hoja zinazoendeshwa, ingewashwa mapema kwa `pg_stat_statements.track = all` na kuachwa kwa robo nzima, ingeorodhesha kila hoja yenye `st_` iliyoendeshwa kweli, hata inayotoka kwa `EXECUTE`. Ndiyo, hicho nacho ni kiendelezi, na kinahitaji kuwekwa kwenye `shared_preload_libraries` na seva kuwashwa upya. Kinapokuja kuondolewa, jina lake litolewe kwenye mpangilio huo kabla ya kufuta kifurushi, na `postgresql.auto.conf` ikaguliwe pia, vinginevyo seva haitawaka.

Kipimo cha muda kilikosewa kwa sababu kazi ilihesabiwa kama ya programu, wakati sehemu kubwa ilikuwa kusafisha data. Hoja ya `ST_SRID` huchukua dakika moja. Ingeulizwa wiki ya kwanza, makadirio yangekuwa mengine, na huenda hata uamuzi wa kuondoa ungejadiliwa upya na mtoa huduma.

Limebaki suala moja ambalo shirika halijalimaliza. Bekapu zote za kabla ya kuhama zina `CREATE EXTENSION postgis` ndani yake, na sera ya shirika inataka zitunzwe kwa miaka kadhaa. Hazirejesheki kwenye seva mpya. Kwa sasa kuna kontena lenye PostgreSQL 11 na PostGIS 2.5 lililohifadhiwa pamoja na bekapu hizo kwenye diski moja, na mmoja wa wasimamizi amepewa jukumu la kulijaribu kila mwaka kwa kurejesha bekapu ya zamani kuliko zote. Jaribio la kwanza bado halijafanyika.